Ziara za waandishi kwa jamii za asili: ratiba ameshika nani?

Mpanga Ratiba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekaa kwenye kazi ya kuratibu ziara za waandishi wa habari miaka kumi na ushee. Ukiieleza harakaharaka inaonekana kazi ya starehe. Bodi ya utalii au kampuni ya safari inalipa nauli, malazi na chakula, waandishi sita au wanane wanapandishwa gari, wanazungushwa siku nne, wanarudi kwao kuandika. Hakuna aliyelipia tangazo, lakini tangazo limetoka. Siku hizi kila mteja anataka "utalii wa jamii za asili" uingie humo, na maombi yanafanana utadhani yametoka kwenye mashine moja: tupatie mzee mmoja wa hadithi, ngoma moja, chakula cha asili, na jua likizama.

Uzi huu naufungua kwa sababu ya mama mmoja mfumaji.

Ilikuwa ziara ya watu wanane, nusu siku, kwenye jamii ambayo sitaitaja, na waliotutuma nao sitawataja. Mama alikuwa anafuma kikapu. Ukindu umelowekwa tangu jana yake, anaanzia kitako, na duara la kwanza likishaanza mkono haubanduki mpaka lishikane. Mpiga picha akamwomba asogee mlangoni kwenye mwanga. Akasogea. Akaombwa arudie duara la kwanza kwa kuwa mkono ulimziba uso. Akafumua, akarudia. Mara ya tatu akaombwa avue miwani. Akaivua, akaiweka mapajani, akainamia kikapu ambacho sasa hakioni vizuri. Baada ya muda akakifunika kwa kitambaa, akainuka, akaingia ndani. Hakugomba wala hakununa. Mkalimani akatuambia "amechoka kidogo", nasi tukaondoka kwenda kwenye ngoma kwa sababu ratiba ilisema saa nane ni ngoma.

Picha iliyochapishwa ni ya ile mara ya tatu. Maelezo chini yake yanasema ni mwanamke wa kabila akifanya kazi ambayo haijabadilika kwa maelfu ya miaka. Jina hana. Miwani haipo. Kikundi chao cha wafumaji, ambacho kina daftari la oda na simu ya mauzo, hakikutajwa popote. Hoteli tuliyolala imetajwa mara tatu.

Na ile ratiba niliiandika mimi.

Tangu siku ile nimeacha kumlaumu mpiga picha peke yake. Mwandishi akishapewa saa nne za mchana, mkalimani wa hoteli na kitanda cha hoteli, makala yake imeshaandikwa nusu kabla hajapanda ndege. Ugomvi wangu uko hapo: nani anakaa na kalamu wakati ratiba inapangwa.

Msinielewe vibaya, waandishi wanahitajika sana. Jamii ndogo haina pesa ya kununua ukurasa kwenye jarida kubwa. Mfano ninaoupenda ni Kaikōura, Nyuzilandi. Mwaka 1987, mji ukiwa umekaukiwa na ajira, familia chache za Wamaori, watu wa asili wa nchi ile, ziliweka nyumba zao rehani zikanunua boti ya kuwapeleka wageni baharini kuona nyangumi. Leo Whale Watch Kaikōura inajulikana duniani. Habari kama hiyo haihitaji kupakwa rangi, nyumba iko rehani na nyangumi yuko majini. Lakini angalia boti ni ya nani. Mwandishi anayekwenda pale anakuwa mgeni wa wenye boti, na akiandika mahali pa kukata tiketi anawaandika wao.

Upande mwingine kabisa kuna Wahopi wa Arizona, Marekani. Vijijini kwao hupigi picha, hurekodi sauti, hata kuchora kwa penseli hairuhusiwi. Si roho mbaya. Zamani wapiga picha walikuwa wanabanana kwenye ngoma zao za ibada, kila mtu anataka nafasi ya mbele, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 wenyewe wakaamua basi. Na bado wageni wanakwenda na makala zinaandikwa. Nyingine ni nzuri kuliko zile zenye picha, maana mtu asiye na kamera hana budi kusikiliza.

Kati ya hizo ncha mbili ndipo sisi tunapofanyia kazi. Nimeanza kubadilisha vitu. Ratiba ya siku za kijijini naiacha wazi, wenyeji wanaijaza wao. Waandishi wawili badala ya wanane. Siku ya kwanza kamera zinabaki kwenye begi. Tunalala kwa wenyeji kama wana malazi. Wateja wangu wanalalamika kwamba "idadi ya makala imeshuka". Nataka kusikia kwenu, hasa walio upande wa pili wa kamera.

Kijiwe Nambari Moja

Naweka kambi hapa. Tiririkeni wakuu.

Kalamu Huru

Mkuu mleta uzi, umetupiga mawe sisi wa kalamu, nami nayarudisha kwa heshima.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Magazeti mengi hayatumi tena mtu kwa gharama yao. Wapo wenye msimamo, The New York Times kwa mfano haichapishi makala za safari za mtu aliyekubali safari ya bure, na nawaheshimu. Lakini hao wana uwezo wa kulipa tiketi. Sisi wengine tusipopanda gari lako hatufiki kabisa, na jamii ya mbali na uwanja wa ndege haiandikwi milele. Kwa hiyo ziara ya kulipiwa si dhambi. Dhambi ni kuificha. Marekani wana kanuni za tume yao ya biashara zinazotaka mtu aseme waziwazi akiwa amepewa kitu na mwenye biashara, Uingereza nako wana za kwao. Sentensi moja mwishoni mwa makala, "mwandishi alikuwa mgeni wa fulani", inatosha.

Pia maelezo ya picha mara nyingi hatuyaandiki sisi. Yanaandikwa na mhariri aliye ofisini saa tano usiku, ambaye hajui kama mama alikuwa na miwani.

Ila na mimi nina la kutubu. Niliwahi kuandika kuwa nimekutana na "watu waliosahauliwa na dunia". Wakati naandika sentensi hiyo kwenye daftari, kijana aliyekuwa anatuongoza alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, yuko kwenye simu anabishana na benki juu ya mkopo wa pikipiki. Nilimwona, nikamsikia, na nikaandika nilichoandika. Hakuna mhariri aliyenishika mkono.

Wasiwasi wangu kwenye mfumo wako mpya ni mmoja. Wenyeji wakishika ratiba, kesho watataka kushika na makala. Wakisoma na kuidhinisha kabla haijatoka, hiyo si habari tena, ni brosha. Nikikuta mwenyekiti wa kamati anakula pesa za wageni, nitaruhusiwa kuandika?

Mpanga Ratiba

Kalamu Huru, hapo umegusa penyewe.

Naomba tutenganishe vitu viwili. Hukumu yako ni yako. Ukiona kamati inakula pesa, andika, mimi sitakuzuia na nisingeshauri jamii yoyote ikuzuie. Ila jina la mtu, tahajia ya jina la mahali, maana ya wimbo, na kama hadithi uliyosimuliwa ni ya kusimuliwa nje ya ukoo au si ya kutoka nje, hivyo si maoni. Hivyo vinahakikiwa kama unavyohakiki jina la waziri. Kuna hadithi zina mwenyewe. Ukisimuliwa jioni kwa kuwa umekaa vizuri na watu, haina maana umepewa uende nayo.

Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 13, 2007, limelisema hilo kwenye ibara ya 31: wana haki ya kutunza, kudhibiti na kulinda urithi wao wa kitamaduni na maarifa yao ya jadi. Ibara ya 16 watu wengi hawaisomi, na ndiyo inayotuhusu zaidi kwenye uzi huu. Inasema wana haki ya kuanzisha vyombo vyao vya habari kwa lugha zao, na kuvifikia vyombo vingine vyote bila kubaguliwa. Anayepanga ziara za waandishi angeanza kwa kuuliza kama jamii ile ina redio yake, na kama mtangazaji wake amepata kiti kwenye gari. Mimi kwa miaka mingi sikuwahi kuuliza.

Mchungu wa Kweli

Azimio zuri, ila si sheria inayobana kama mkataba. Nchi 144 ziliunga mkono, nne zikapinga: Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi. Ndizo hizohizo ambazo leo zinatangaza utalii wa watu wao wa asili kwa nguvu. Baadaye walibadili msimamo, lakini nawakumbusha tu msije mkadhani mabango ya viwanja vya ndege yalianza na heshima.

Bi Funguo

Ndugu zangu, mimi niko upande wa pili wa kamera kwa namna yangu, nasimamia malazi ya jamii. Vyumba sita. Sitasema wapi.

Mnazungumza picha na ibara, hamjagusa gharama. Ziara ya waandishi kwenu ni ya bure kwa sababu kuna mtu kailipia, na mara nyingi mtu huyo ni sisi. Tunapigiwa simu: "Bi, tunaleta waandishi wakubwa, tupeni vyumba bure, mtapata jina." Wanakuja msimu wa wageni wengi. Vyumba vinne kati ya sita, usiku tatu. Mpishi analipwa na mimi. Mzee wa kuwatembeza porini anaacha shughuli zake siku mbili. Wakiondoka tunakaa kungoja jina. Mara moja jina lilikuja limekosewa herufi mbili, wageni wakilitafuta mtandaoni wanapelekwa kwenye biashara ya mtu mwingine kabisa.

Nimejifunza kuuliza maswali yangu kabla ya kusema karibu. Unaandikia wapi, na mhariri amekubali au unakwenda kujaribu bahati? Makala itatoka lini, maana ikitoka wakati njia imefungwa na mvua hainisaidii kitu. Kiungo cha kuwekea nafasi kitakuwa chetu au cha wakala? Anayekosa majibu namkaribisha kwa bei ya kawaida kama mgeni yeyote, na chai nampa.

Na mzee analipwa muda wake. Kalamu Huru usinikasirikie, najua mnasema kumlipa mtoa habari kunaharibu habari. Simlipi aseme. Nalipa siku yake ya kazi, kama mnavyomlipa dereva. Sijawahi kusikia dereva akiambiwa malipo yatamharibia usukani.

Kalamu Huru

😂 Bi Funguo, la usukani nimelichukua. Sina jibu.

Hesabu za Usiku

Mleta uzi amesema wateja wanalalamika idadi ya makala imeshuka. Mimi natoka upande wa vipimo, niseme kidogo.

Kwa miaka mingi kampuni za uhusiano wa umma zilikuwa zinapima hivi: makala imechukua nusu ukurasa, nusu ukurasa wa tangazo ungegharimu kiasi fulani, kwa hiyo tumeokoa kiasi hicho. Wengine wanazidisha na mara tatu, eti habari inaaminika kuliko tangazo. Mwaka 2010 watu wa vipimo wenyewe walikutana Barcelona wakaandika kanuni zao, na mojawapo inasema wazi kuwa hesabu hiyo ya thamani ya tangazo haipimi thamani ya kazi. Nakala za kanuni hizo ziko kila ofisi, na ripoti bado zinaandikwa kwa mtindo ule ule wa zamani.

Kwa jamii ya asili kipimo kile kina ubaya wa ziada. Makala ya picha ya mama bila miwani inahesabiwa sawasawa na makala inayotaja jina lake na kikundi chake. Kwenye jedwali zote ni nusu ukurasa. Ukitaka mteja wako abadilike, Mpanga Ratiba, badilisha safu za jedwali. Weka: mwenyeji ametajwa kwa jina, biashara ya jamii imetajwa na mahali pa kuipata, kauli za wenyeji ni ngapi, picha zina maelezo sahihi, na mwisho, simu au barua ngapi zilimfikia Bi Funguo miezi mitatu baadaye. Idadi ya makala iache, ila iweke safu ya mwisho kulia.

Mpanga Ratiba

Safu ya mwisho kulia. Naandika.

Pembe ya Sheria

Nachangia kwenye picha, maana hapo ndipo watu wanaumia polepole bila kujua.

Ile picha ya mama mfumaji haimaliziki kwenye ile makala. Mara nyingi mpiga picha wa kujitegemea anabaki na hakimiliki, anaiweka kwenye benki ya picha, na miaka sita baadaye unaiona kwenye tangazo la bima au jalada la ripoti ya umaskini. Mama hatajua. Kwa hiyo makubaliano yafanywe kabla kamera haijatoka, kwa lugha anayoielewa mpigwa picha: zitumike wapi, kwa muda gani, ziuzwe au zisiuzwe, na nakala zirudi kwa jamii. Kukubali mbele ya wageni wanane waliokwisha kukaa kwenye mkeka wako si kukubali. Pale mtu anaona aibu kukataa.

Kuna walioweka utaratibu unaoeleweka. Uluru, ule mwamba mkubwa wa Australia, mpiga picha wa kazi anatakiwa kibali, na anapewa mwongozo wa sehemu za mwamba zisizopigwa. Wenye ardhi, Waanangu, wanaeleza kuwa maumbo ya sehemu zile kwao ni kama maandiko matakatifu, yanatakiwa kuonwa palepale yalipo na si kusambazwa. Pia kuna mfumo wa lebo za maarifa ya jadi unaosimamiwa na Local Contexts, ambapo jamii inabandika kwenye picha au rekodi masharti yake: hii ni ya msimu fulani, hii ni ya wanawake tu, hii si ya biashara. Lebo hazina meno ya mahakama, lakini mhariri akiiona hawezi kusema hakujua.

Na msidhani wakubwa hawawezi kukaa mezani. Mwaka 2019 studio ya Disney ilisaini makubaliano na wawakilishi wa Wasami wa kaskazini mwa Ulaya juu ya namna utamaduni wao utakavyotumika kwenye filamu ya katuni, wakaunda jopo la washauri wao, na filamu ikatolewa pia kwa Kisami cha Kaskazini. Kama studio ya ukubwa ule imesaini, jarida la safari linaweza kusaini karatasi moja.

Mwisho kwa waandishi: ulizeni ardhi mnayolala ni ya nani. Waendorois wa Kenya waliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama, na ilichukua hadi 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kutangaza kuwa haki zao zilivunjwa. Hebu fikirieni makala ngapi za safari zilisifu utulivu wa ziwa lile katikati ya miaka hiyo.

Mpenda Mbwembwe

Wakuu mnaongelea magazeti kama tuko enzi za mashine ya chapa. Siku hizi ni washawishi wa mitandaoni. Mtu mmoja, simu mbili, droni moja. Hana mhariri, hana muda wa ibara ya 31, na ana wafuasi kuliko gazeti.

Niliongozana na mmoja mwaka jana. Droni yake ilipita juu ya zizi, mbuzi wakatawanyika nusu kilomita, na tulitumia alasiri nzima kuwatafuta. Klipu ilipotoka imeandikwa "amani ya kweli". 🤣

Bi Funguo

Mbwembwe, mbuzi walipatikana wote?

Mpenda Mbwembwe

Wote isipokuwa beberu. Alirudi mwenyewe usiku, kanuna.

Mchungu wa Kweli

Tunacheka, ila yapo yasiyochekesha. Mwaka 2012 ilisambaa video kutoka visiwa vya Andaman, India, wanawake wa Wajarawa, watu wa asili wa huko, wanaambiwa wacheze kwa watalii ili wapewe chakula. Dunia ikalaani. Lakini magari ya watalii yalikuwa yamepita kwenye barabara ile miaka, na waliokaa ndani walikuwa na kamera. Chombo cha habari ndicho kilichofichua, na hamu ya kupata picha ndiyo iliyokuwa imelisha jambo lenyewe. Sijui kama mnaweza kuutenganisha mkono mmoja na mwingine kwa kupanga ratiba vizuri.

Mpanga Ratiba

Mchungu, ratiba nzuri haiwezi kuhalalisha kwenda mahali ambapo hukutakiwa. Kuna jamii ambazo jibu lao ni hapana, na kazi yangu ni kuibeba hiyo hapana kwa mteja na kupoteza malipo. Uluru tena ni mfano. Waanangu walikuwa wanaomba watu wasipande mwamba ule kwa miongo. Bodi ya hifadhi, yenye wajumbe wengi kutoka kwao, iliamua Novemba 2017, na upandaji ukafungwa Oktoba 26, 2019, miaka 34 kamili tangu warudishiwe ardhi. Miezi ya mwisho watu walifurika, foleni ya wapandaji ikapigwa picha na kuzunguka dunia. Vyombo vya habari viliripoti "fursa ya mwisho" na watu wakaifuata. Wangeweza kuandika kwanza kwa nini mwenye nyumba amesema hapana. Wachache waliandika hivyo.

Kalamu Huru

Nimerudi. Nilikuwa nafikiria neno "ubia". Mleta uzi umeongelea ziara tu, lakini ziara ya siku nne haiwezi kubeba haya yote tunayoitwisha. Mgeni wa siku nne ataona ngoma, hata umpangie vipi.

Ubia wa kweli na chombo cha habari ni wa muda. Mwandishi yuleyule anarudi mara tatu ndani ya miaka miwili, misimu tofauti. Mara ya kwanza anaandika asichokijua, mara ya pili anajirekebisha, mara ya tatu anaanza kuuliza maswali yenye maana. Gharama ni ileile ya kubeba wanane mara moja.

Na kuna jambo la nani anaandika. Kanada Mtandao wa Televisheni wa Watu wa Asili, APTN, uko hewani tangu 1999. Nyuzilandi televisheni ya Wamaori ilianza 2004. Australia wana NITV, televisheni ya watu wao wa asili, tangu 2007. Hao wana wapiga picha wanaojua lini kamera ishushwe bila kuambiwa. Kwa nini jarida la nje lisinunue makala kwao, lilipe bei ileile linayonilipa mimi? Najikata mguu mwenyewe kusema hivi.

Kanada hiyohiyo, tume ya ukweli na maridhiano iliyochunguza shule za bweni walizopelekwa watoto wa watu wa asili ilitoa miito 94 mwaka 2015, na wa 86 unazitaka shule za uandishi wa habari zifundishe wanafunzi wote historia ya watu wa asili. Waliona tatizo linaanzia darasani.

Mgeni wa Kaskazini

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Niliwahi kufika Haida Gwaii, pwani ya magharibi ya Kanada, visiwa ambavyo hadi 2010 ramani ziliviita kwa jina la malkia wa Uingereza. Kwenye vijiji vya zamani vya kusini, ambako nguzo za kuchongwa zinaachwa ziegemee na kuoza kama zilivyokusudiwa, kuna walinzi wa Kihaida majira ya kiangazi. Utaratibu huo upo tangu 1981. Ukifika na boti hushuki. Unaita kwenye redio, unangoja. Wanaoruhusiwa nchi kavu ni watu 12 kwa wakati mmoja, wengine mnakaa majini mnatazamana.

Tulingoja karibu saa nzima. Mmoja wetu, mwandishi, alikasirika kwamba muda wake unapotea. Tuliposhuka, mlinzi alitutembeza kwenye njia iliyopangwa maganda ya kome, akaeleza nguzo hii ilisimamishwa kwa ajili ya nani. Zilizobaki zina hadithi pia, akasema, lakini hakuzisimulia. Yule mwandishi baadaye alianza makala yake na ile saa ya kungoja kwenye boti. Ndiyo sehemu pekee ya makala ninayoikumbuka.

Pembe ya Sheria

Hiyo saa ya kungoja ndiyo ridhaa yenyewe, ukiipenda.

Hesabu za Usiku

Swali kwa mleta uzi kabla uzi haujalala. Mavazi. Ufini kuna kilio cha Wasami kwamba wafanyakazi wa hoteli wasio Wasami wanavalishwa mavazi ya kuigiza ya Kisami, waandishi wanapiga picha, na picha hizo ndizo zinazotangaza nchi. Bunge la Wasami la Ufini likatoa mwongozo wa utalii wa maadili mwaka 2018. Wewe ukiletewa "mwenyeji" na hoteli, unajuaje ni mwenyeji?

Mpanga Ratiba

Simwulizi hoteli. Nauliza baraza au chama cha jamii yenyewe, kwa barua, kabla ya tarehe kupangwa. Wasiponijibu, ziara haiendi. Zamani nilikuwa nachukulia kutojibu kuwa ni ndiyo.

Wakuu, nawapa mrejesho kisha nilale. Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule mama, bila mwandishi. Nilibeba ile makala iliyochapwa kwenye karatasi, na mjukuu wake akamtafsiria. Alicheka aliposikia "maelfu ya miaka". Akasema ule mtindo wa kitako aliubuni yeye, na rangi ile nyekundu wameanza kuitumia baada ya kupata mnunuzi wa nje. Nikamwomba radhi kwa ya miwani. Akasema miwani ile ilikuwa mpya, ndiyo maana alitaka ionekane.

Kikundi chao kimekubali waandishi wawili mwezi ujao. Masharti wameandika wao, ukurasa mmoja kwa mkono. La kwanza: waje wakati wa kukata ukindu, wakate na wao. La tatu: majina ya wote yaandikwe, na wanayataja kumi na moja. La tano silielewi bado, linasema "asije yule wa mlangoni". Nadhani wanamaanisha mpiga picha. Au mimi, maana nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Kesho nitapiga simu niulize.

Bi Funguo

Piga asubuhi, kabla hawajaenda shambani. Utuletee jibu.